Singo na hina za Magomeni: nendeni, ila uso mpambiwe kwingine

Tangu harusi ya mtoto wa kaka yangu, watu wananiuliza alisingwa wapi hata akapendeza vile. Naandika mara moja, niwajibu wote.

Si saluni ya bango wala vioo. Ni nyumba ya kawaida Magomeni, mitaa ya ndani ukishuka mwendokasi kituo cha Usalama, na kazi yote inafanyikia chumba cha uani. Mwenyewe ni mama wa makamo kutoka Tanga, wateja wote wanamwita bi mkubwa, hata wanaomzidi umri.

Huduma kamili ya bibi harusi ni siku tatu, na inaanza na singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili. Ile ya vikopo inayouzwa madukani naijua: unga wa njano, marashi makali, ukimaliza ngozi imekakamaa kama gunia. Ya huyu mama inatwangwa mbele yako. Liwa ya msandali, dalia ile ya unga wa njano, karafuu, waridi kavu, mrehani, langilangi kidogo, vyote anavivuruga kwa marashi ya waridi mpaka viwe uji mzito. Anampaka mtoto mwili mzima, anaiacha ikaukie, kisha anaisugua kwa viganja, dodoki hataki hata kuliona. Taka zinadondoka vipande vipande. Baada ya kuoga ni mafuta ya nazi, halafu mtoto anajifunika kanga juu ya chetezo, udi umwingie vizuri. Siku ya pili nilimshika mkono nikajua hela yetu haijapotea.

Tukiwa pale aliingia dada mmoja, ana sendoff wiki ijayo, anataka kitu cha kumtoa weusi haraka. Bi mkubwa hakuinua hata macho. "Mwanangu, mimi nasafisha ngozi, sibadilishi. Huyo anayekuoa kakuona hivyo hivyo." Dada akaondoka amenuna. Mimi nilimpenda bi mkubwa kuanzia hapo. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado mkorogo wa kujichubua kila mtu anajua pa kuupata, na wapo wapambaji wanaomtilia bibi harusi kwenye mafuta bila hata kumwambia.

Sasa hina, na hapa ndipo wengi mtakapogombana naye. Piko jeusi, ile wanayoiita hina nyeusi, hapaki. Ukililia sana atakupeleka mlangoni kwa upole. Watu wanadhani hina nyeusi ni hina iliyokolea, siyo. Jani la mhina linatoa rangi ya chungwa inayoiva kuelekea hudhurungi, weusi wa makaa haumo. Ule weusi mara nyingi ni dawa ya nywele, na ndani yake mna kemikali inayoitwa PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2 inapopakwa, na kuichorea ngozini ni marufuku. Ikimkataa mtu, michoro yote inaota malengelenge, na akishadhurika mara moja mwili hauisahau: hata akija kupaka rangi nywele uzeeni inaweza kumwasha upya. Bi mkubwa ana binti wa jirani yake aliyeingia ukumbini na mikono imefungwa bendeji. Hadithi hiyo anamsimulia kila mteja mbishi, na anaisimulia vizuri.

Hina yake anaikoroga usiku kwa maji ya limau na chai ya rangi, asubuhi imeshalainika. Michoro ni ya maua membamba, inapanda hadi kwenye kiwiko, haijazi mkono mzima kama zulia. Mtoto alipoibandua aliona rangi ya chungwa akaanza kulia. "Shangazi, harusi Jumamosi mimi nina mikono ya karoti!" Bi mkubwa akamwambia asiguse maji, akamfukizia karafuu, akatuaga. Ijumaa usiku viganja vilikuwa vimeiva kabisa, vyekundu vya kwenda kwenye kahawia. Rangi inahitaji kama siku mbili kukolea, na viganjani na nyayoni inashika zaidi kwa sababu ngozi ya huko ni nene. Kwa hiyo msipeleke bibi harusi kupakwa hina asubuhi ya ndoa halafu mkalaumu.

Lawama yangu ni siku yenyewe. Uso hapambi bi mkubwa, anapamba binti anayemsaidia, na huyo bado sana. Faundesheni aliyopaka ilikuwa nyeupe kuliko mtoto. Uso huku, shingo kule. Nikamuuliza, "Dada, mbona mmempa uso wa mtu mwingine?" Akanijibu, "Kwenye picha inatulia, mama." Haikutulia. Juu yake aliongeza poda nyeupe, na poda nyingi za aina hiyo zina dioksidi ya titani inayorudisha mwanga wa flashi, basi picha za ukumbini paji la uso limetoka la majivu. Nyumba inayomfukuza anayetaka kujichubua, halafu uso inaupaka weupe dakika ya mwisho! Bi mkubwa nilimwambia palepale, akaguna tu.

Tulilipa shilingi 180,000 kwa singo, hina na udi, uso 40,000 pembeni. Ile ya kwanza ningeilipa tena kesho. Ya uso mtafuteni mpambaji mwingine anayekuja na rangi zaidi ya mbili kwenye mkoba wake.

Mwezi wa Shaabani msijaribu kwenda bila miadi, kila mtu anaoa kabla ya Ramadhani. Na kanga mwende nazo wenyewe, tena za zamani, maana ile njano ya dalia ikishaingia kwenye nguo haitoki.