Seva ya ofisini au wingu: kampuni ya Unguja ichague ipi?

Seva ya ofisini, yaani kompyuta inayotunza mafaili na programu za kampuni, iko mkononi mwako. Intaneti ikikatika, mhasibu wa Darajani anaendelea na ankara zake. Lakini inataka umeme, kiyoyozi na fundi, na hewa ya chumvi hula vyuma. Desemba 2009 kebo ya umeme kutoka bara iliharibika, Unguja ikakaa gizani miezi mitatu hivi. Wakati kama ule seva huishi kwa jenereta, na mafuta ni pesa.

Wingu, yaani seva za kampuni nyingine unazozitumia kupitia intaneti, kama za Amazon iliyofungua vituo Cape Town mwaka 2020, hulipiwa kadiri unavyotumia. Bili kwa kawaida huja kwa dola, na hilo linaniudhi. Hata hivyo, kwa hoteli ya Nungwi inayopokea maombi ya vyumba saa zote, nachagua wingu bila kusita. Nakala ya hesabu ibaki ofisini.