Uzoefu wangu na kebo mbili za kuunganisha kompyuta kwa kompyuta

Nilinunua kebo ya RS-232, yaani ya poti ya mfululizo inayotuma data biti moja baada ya nyingine, yenye plagi za pini 9 pande zote mbili ili nihamishe mafaili kutoka kompyuta ya zamani ya mezani, isiyo na kadi ya mtandao wala poti ya USB, hadi kwenye kompyuta yangu ya mpakato, ambayo haina poti ya mfululizo na kwa hiyo hutumia adapta ya USB. Lebo ilieleza kwamba ni kebo ya kuunganisha kompyuta kwa kompyuta. Nilipoichomeka na kufungua programu ya mawasiliano pande zote mbili, haikufika hata herufi moja.

Kwanza niliishuku adapta. Niliunganisha pini yake ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, nikaandika maneno machache, na yote yakarudi kwenye skrini. Poti ya kompyuta ya mezani nayo ilifaulu jaribio hilohilo. Ikabaki kebo. Multimita, kifaa cha kupima umeme, ilionyesha kwamba pini ya 2 ilikwenda moja kwa moja kwenye pini ya 2 ya upande wa pili, na ya 3 kwenye ya 3. Kebo ya namna hiyo inafaa kwa modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, lakini kompyuta zote mbili hutuma kupitia pini ya 3 na kupokea kupitia pini ya 2, hivyo zilikuwa zikisema kwenye waya mmoja na kusikiliza kwenye waya usio na msemaji. Lebo ya uongo kiasi hicho inatosha kuinyima kebo sifa yoyote.

Kebo ya pili, ya muuzaji mwingine, kweli ina nyaya zinazopishana, yaani pini ya 2 ya upande mmoja huenda kwenye ya 3 ya upande wa pili. Herufi zilifika zikiwa zimevurugika hadi nilipoweka pande zote kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na biti 1 ya kusimamisha, inayofunga kila baiti.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni mafaili yaliyobanwa. Maandishi ya kawaida yalifika salama, ilhali mafaili hayo yalifika yakiwa yamepungua baiti kadhaa na hayakufunguka. Sababu ni kwamba programu ilikuwa ikidhibiti mtiririko wa data kwa XON na XOFF, yaani amri za "endelea" na "simama" zinazotumwa kama baiti zenye thamani ya 17 na 19, na kila ilipozikuta ndani ya faili ilizichukua kuwa amri na kuziondoa. Nilipohamia udhibiti unaotumia pini za 7 na 8, utumaji ulisimama kabisa. Nilifungua plagi nikakuta nyaya tatu tu, za pini 2, 3 na 5, kwa hiyo kila kompyuta ilikuwa ikingoja ruhusa ambayo haikuwa na njia ya kupitia.

Kermit, itifaki (kanuni za kuhamisha mafaili) iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, ndiyo iliyoniokoa, kwani hugeuza baiti za amri kuwa herufi za kawaida kabla ya kuzituma na hukagua kila pakiti. Haina haraka: kwa 9600, kila baiti ikichukua biti 10 (8 za data, moja ya kuanzisha na moja ya kusimamisha), hazipiti zaidi ya baiti 960 kwa sekunde, na megabaiti moja huchukua zaidi ya dakika 18. Hata hivyo mafaili yote yalifika na yakafunguka.

Kebo ya pili nimeihifadhi. Anayehitaji kasi kubwa zaidi atafute yenye pini za 7 na 8 zilizopishanishwa pia, na aipime kwa multimita kabla ya kugusa mipangilio yoyote ya programu.