Fomu ya Mkataba wa Fundi ya Steshenari: Inambana Fundi Kweli?

Ni fomu ya kununua steshenari: kurasa mbili, nafasi za kujaza kwa kalamu, kichwa cha habari "Mkataba wa Kazi za Ufundi". Kwa ukarabati wa nyumba hapa Tanzania, inabana? Inabana, mradi ijazwe vizuri. Yenyewe ilivyochapwa haimsaidii sana mwenye nyumba.

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka ridhaa ya hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba (miaka 18 na akili timamu), malipo halali na kazi halali. Muhuri wa wakili haumo, wala wa mtendaji wa mtaa. Kwa hiyo zile nafasi za mihuri ukurasa wa pili ni mapambo tu. Mstari wa shahidi ndio wenye faida: fundi akija kuikana saini yake, kuna mtu wa kuitwa.

Udhaifu mkubwa uko kwenye "Maelezo ya kazi". Wameacha mstari mmoja, na watu huandika "kukarabati paa", basi. Makubaliano ambayo maana yake haieleweki wala haiwezi kubainishwa, kifungu cha 29 kinayaita batili. Ambatisha karatasi: "kutoa bati 24 zilizooza upande wa jikoni, kupiga mpya za geji 28 za futi 10, kubadilisha mbao za 2x2 zilizoliwa na mchwa, bati na misumari ananunua fundi." Nyote msaini na hiyo karatasi. Usipotaja geji, ataleta ya 30, ambayo ni nyembamba zaidi ingawa namba yake ni kubwa, na huna pa kumshika.

Kuna sharti la faini ya kila siku fundi akichelewa. Linatia moyo, lakini kwa kifungu cha 74 mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Usihesabu kwamba utapewa yote. Cha kuchekesha, fomu haina nafasi ya tarehe ya kumaliza kazi. Sasa huko kuchelewa kunaanza kuhesabiwa lini? Iandike mwenyewe.

Malipo nayo yamewekewa mstari mmoja. Yagawe: mfano asilimia 30 akianza, 50 bati zikishapigwa, 20 baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita bila paa kuvuja. Tuma kwa simu: ujumbe wa muamala una tarehe, jina na kiasi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inauruhusu kuwa ushahidi.

Fomu haigusi ushuru wa stempu, yaani kodi inayolipwa serikalini kwa nyaraka kama mikataba. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama kielelezo mahakamani mpaka ulipiwe pamoja na adhabu.

Nunua fomu mbili, zijazwe sawasawa, kila mmoja abaki na yenye saini zote. Nafasi tupu zipigwe mstari kabla hamjasaini.