Museo de la Memoria, Santiago: nyota nne, ya tano nimeizuia makusudi

Wakuu, kama meli yenu inashusha makontena San Antonio pale Chile na kapteni katoa ruhusa ya kushuka, msiishie kwenye baa za nje ya geti. Panda basi la Santiago, ni kama saa moja na nusu hivi, halafu metro laini ya 5 ushuke Quinta Normal, ukipanda ngazi tu unaliona, jengo refu limevikwa shaba ya kijani limekaa juu juu hewani. Hilo ndo Museo de la Memoria y los Derechos Humanos, makumbusho ya yaliyofanyika tangu jeshi lilipompindua Rais Salvador Allende, aliyechaguliwa kwa kura, tarehe 11 Septemba 1973 mpaka Machi 1990 Jenerali Pinochet, aliyetawala baada ya hapo, alipoachia ikulu. Lilifunguliwa 2010, kiingilio bure, Jumatatu wanafunga. Na San Antonio penyewe msipachukulie poa, jirani tu na bandari palikuwa na kambi inaitwa Tejas Verdes, watu walianza kuteswa pale mwanzo mwanzo kabisa, na mkuu wa kambi, Manuel Contreras, ndo akaja kuwa bosi wa polisi wa siri wa Pinochet.

Mimi kilichonipeleka ni ubishi. Melini tuna dogo mmoja wa Tanga, kazi anaijua vizuri sana, ila simu yake ni Traoré asubuhi Traoré jioni, yule mwanajeshi anayetawala Burkina Faso, na nusu ya hizo video ukiziangalia vizuri ni za kutengenezwa na kompyuta. Yeye anasema Afrika dawa yake jeshi, hawa wa kura ni wezi na kura zenyewe za wizi. Nikamwambia huyo Traoré wako hata hakumtoa rais wa kura, Septemba 2022 alimtoa Damiba, mwanajeshi mwenzie, ambaye Januari ya mwaka huo huo ndo alimtoa Kaboré aliyechaguliwa, sasa kama jeshi ni dawa mbona haikumaliza hata mwaka mgonjwa kabadilishiwa dozi. Akanijibu kaka mkubwa nyie wazee mmezoea kuonewa. Haya bwana, nikaona niende nikaangalie nchi ambayo hiyo dawa waliinywa miaka kumi na sita na ushee.

Ndani unaanza na ile asubuhi yenyewe. Skrini zinaonyesha ndege za vita za Hawker Hunter zinaipiga ikulu ya La Moneda katikati ya jiji, moshi unatoka madirishani, na sauti ya Allende inasikika akiaga wananchi kupitia Radio Magallanes, redio ambayo ilikuwa bado haijazimwa. Sauti ina mikwaruzo lakini jamaa anaongea taratibu kabisa, hana haraka, na anajua hatoki. Hakutoka kweli, alijiua humo humo ndani, na mwaka 2011 walifukua mwili wake na wataalam wakathibitisha. Kinachouma ni kwamba Pinochet alikuwa kateuliwa mkuu wa jeshi na Allende huyo huyo, Agosti 23, hata wiki tatu zilikuwa hazijaisha.

Ukiendelea mbele kuna kitanda cha chuma, fremu tupu bila godoro, walichokuwa wanamfunga mtu na kumpiga umeme. Mwenye roho nyepesi apite haraka. Mimi kilichonishika zaidi ni vitambaa vya kina mama, wake na mama wa waliopotea, wameshona picha kwa vipande vya nguo chakavu. Ukivitazama kwa mbali unaona mapambo ya sebuleni, milima ya Andes, jua la njano, vijumba vya rangi rangi, ukisogea unakuta vile vidoli vilivyosimama mlangoni ni askari na kale kengine kanaburutwa. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Halafu ule ukuta wa picha za waliouawa na waliopotea, unapanda juu ghorofa mpaka ghorofa. Serikali yenyewe ya Chile inatambua zaidi ya watu 3,000 waliouawa au kupotezwa, na kama 38,000 waliofungwa wakateswa wakabaki hai. Maandishi mengi ni Kihispania, chaji simu yako uwe na programu ya kutafsiri.

Kwa sisi mabaharia kuna ya ziada. Mapinduzi yalianzia upande wetu, navy ndo walioishika Valparaíso alfajiri kabla Santiago hawajaamka, na meli ya kufundishia makadeti, Esmeralda, ile nyeupe ya milingoti minne, iligeuzwa jela watu wakateswa humo. Meli hiyo mpaka leo inatembea, inafunga bandari za watu na bendi inapigwa, na kuna bandari ambako inapokelewa na waandamanaji. Ukiipishana njiani sasa unajua.

Sasa hiyo nyota ya tano. Makumbusho haya yenyewe ni ugomvi Chile, na ugomvi wenyewe ni kwamba stori inaanzia Septemba 11 asubuhi. Dereva wa teksi aliyenibeba, mzee wa makamo, nilipomtajia ninakotoka akacheka akasema kwa Kiingereza chake, umeona foleni za mkate za enzi za Allende? Sikuziona. Akasema basi hujaona kitu. Na si yeye peke yake, Agosti 2018 Rais Piñera alimteua Mauricio Rojas waziri wa utamaduni, yakafukuliwa maneno yake ya nyuma kwamba makumbusho haya ni maigizo, wasanii wakachachamaa, jamaa akajiuzulu baada ya siku nne tu. Wanaoyatetea wanasema hakuna muktadha unaohalalisha kumfunga mtu kwenye kitanda cha umeme, kwa hiyo muktadha wa nini? Hapo wako sahihi asilimia mia, foleni ya mkate haijibiwi kwa kutupa watu baharini.

Ila mimi bado nasema chumba cha 1970 mpaka 1973 kingewekwa, kwa sababu ukikiacha wazi anakijaza mzee wa teksi. Na mzee hasemi uongo wote! Allende alishinda na asilimia 36 na kitu tu, bunge ndo likampitisha kama katiba yao ilivyosema. Bidhaa ziliadimika kweli, bei zilipaa vibaya mno, Oktoba 1972 wenye malori waligoma nchi ikasimama, na Agosti 22, 1973 bunge lilipitisha azimio kwamba serikali inavunja katiba. Hayo yote kweli. Lakini weka na mengine basi: Rais Nixon wa Marekani aliamuru uchumi wao ubanwe mpaka ulie, CIA ikamwaga hela kwa wapinzani, na Machi 1973, foleni zikiwepo, muungano wa Allende ukapata karibu asilimia 44 kwenye uchaguzi wa bunge, wapinzani wakakosa theluthi mbili za kumng'oa kisheria. Na wiki ile ile ya mapinduzi Allende alikuwa anajiandaa kutangaza kura ya maoni wananchi waamue wenyewe. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwepo, ilibaki siku moja mbili. Hilo ndo jibu la kumpa dogo wangu na mzee wa teksi, na makumbusho wanalo mkononi halafu hawalipi nafasi yake.

Hiyo 44 nayo ina vituko. 1988 Pinochet alipouliza wananchi kama aendelee, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 44, akashindwa. 2021 mwanasiasa wa kulia José Antonio Kast, aliyewahi kusema Pinochet angekuwa hai angempigia kura yeye, aliingia raundi ya pili ya uchaguzi wa rais dhidi ya Gabriel Boric wa kushoto akapata asilimia 44, Boric akashinda. Si watu wale wale, najua, ila ukiwa ndani ya metro unahesabu vichwa, karibu nusu ya behewa. Mwaka 2023 mapinduzi yalipofika miaka 50 Boric, akiwa rais, alitaka vyama vyote visaini tamko la kulinda demokrasia, marais wastaafu wanne wakasaini, akiwemo Piñera wa mrengo wa kulia, vyama vya kulia vikagoma. Kwa hiyo usidhani unaenda kuangalia mambo ya kale.

Msisahau kushuka chini ya uwanja wa mbele, kuna kazi ya sanaa ya Alfredo Jaar. Mnaingizwa wachache, mlango unafungwa, giza totoro kama dakika nzima, halafu ukutani vinaanza kuwaka vivuli vya vichwa vya watu, mamia, na vioo vya pembeni vinavizidisha haviishi. Jaar kachanganya waliouawa na Wachile walio hai leo, huwezi kuwatofautisha. Ukitoka nje jua linakuumiza macho.

Tenga masaa matatu. Ukila, kula kwanza, maana ukitoka hamu inakuwa imekata. Na kama mmefunga Valparaíso badala ya San Antonio, basi la Santiago nalo ni muda ule ule tu, ila Ijumaa jioni kurudi barabara inajaa watu wanaoenda pwani, ondoka mapema usije ukaachwa na meli.