Injini ya pikapu ya dizeli imechoka: ununue nini, kwa mpangilio upi

Pikapu ya dizeli ikianza kumeza oili na kutoa moshi wa bluu, mwenye gari wa Mtwara au Lindi huwa na njia nne mbele yake: kuifungua injini yake na kuijenga upya kwa spea mpya, kununua injini kamili iliyotumika kutoka Japani, kununua nusu injini, au kununua injini ambayo mtu mwingine ameshaifungua na kuifunga. Nimezipanga hapa kuanzia ninayoipendekeza zaidi hadi ninayoikataza, nikimlenga mtu anayefanya kazi hiyo uani kwake pamoja na fundi anayemwamini. Injini ninazozizungumzia ni zile zinazoonekana kila siku kati ya Kilwa, Masasi na Newala: Toyota 2L, 3L na 5L, 1HZ ya Land Cruiser, Isuzu 4JB1, Mitsubishi 4D56, na zile za komonreli (mfumo unaosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa chini ya kompyuta) kama Toyota 2KD na 1KD.

Kabla ya kununua chochote, injini ipimwe kampresheni, yaani nguvu ambayo kila silinda hubana hewa. Geji ya injini ya petroli haifai kwa kazi hii, kwa sababu dizeli husukuma mara mbili au zaidi ya kiwango chake. Inatakiwa geji ya dizeli inayofungwa kwenye tundu la hita plagi au la nozeli. Toyota 3L yenye afya husoma kiasi cha kilo 32 kwa sentimita ya mraba, ikishuka chini ya 20 imechoka, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine haipaswi kuzidi kilo 5. Silinda iliyo chini ikipanda baada ya kutiwa oili kidogo, ringi ndizo zilizokwisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Kipimo hiki huchukua muda mfupi, nacho kimewaokoa watu wengi na gharama ya kununua pistoni wakati ugonjwa ulikuwa kwenye hedi.

Nafasi ya kwanza naipa kuijenga upya injini yako mwenyewe, ikiwa ni ya pampu ya kawaida na bloku yake haijapasuka. Sababu yangu ni kwamba historia yake unaijua, namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na kila kinachoingia ndani unakiona kwa macho. Kosa kubwa katika njia hii ni kununua seti ya pistoni na ringi kabla bloku haijafika kwa mchongaji, yaani fundi wa mashine anayepanua silinda. Mpangilio sahihi ni huu: injini ishushwe, ifunguliwe na kuoshwa, bloku na krankshafti vipelekwe kwenye karakana yenye mashine na maikromita, mchongaji aseme silinda zitafika kipimo gani, ndipo ununue pistoni za kipimo hicho, ziwe za standadi, au zilizozidi standadi kwa milimita 0.50 au 1.00. Yeye naye asimalize kuchonga mpaka azishike pistoni zenyewe mkononi, kwa kuwa nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu ndogo ya milimita, na pistoni za watengenezaji wawili hazilingani kabisa hata zikiwa na maandishi yaleyale. Isuzu 4JB1 ina nafuu yake hapa, maana slivu zake kavu (maganda ya chuma ndani ya silinda) hutolewa na kuwekwa mpya, wakati bloku ya 3L kwa kawaida huchongwa.

Kwa familia ya L ya Toyota kuna mtego mwingine ambao muuzaji dukani mara nyingi hautaji. Kwa nje injini hizi zinafanana sana, lakini 2L ina kipenyo cha silinda cha milimita 92, 3L ina 96, na 5L ina 99.5, kwa hiyo ukiagiza gasketi au pistoni kwa kusema tu "za Hilux ya dizeli" utapokea kile kilichokuwa karibu na mkono wa muuzaji. Isitoshe, gasketi ya hedi ya 3L na 5L hutengenezwa kwa unene tofauti, wenye alama za B, D na F, na unene sahihi huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku. Gasketi nyembamba kupita kiasi huweza kuruhusu pistoni kugusa hedi. Nene kupita kiasi hupunguza kampresheni, na gari litasumbua kuwaka hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Kwa ringi, naridhika na NPR na Riken. Kwa beringi, Taiho na NDC. Boksi peke yake halitoshi kuwa ushahidi, kwani feki huja katika boksi zuri: tazama alama iliyogongwa mgongoni mwa beringi yenyewe, na kipimo kilichoandikwa hapo. Pesa ikipungua, nenda na vitu vya kawaida kwenye nje ya injini, kama vile mipira ya rejeta, lakini usipunguze kwenye beringi, ringi, gasketi ya hedi, pampu ya oili na mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika katika injini zinazoutumia, valvu hugongana na pistoni na kazi yote hurudi mwanzo.

Nafasi ya pili ni injini kamili iliyotumika, zile zinazoshushwa Dar es Salaam na kuuzwa Gerezani na kwingineko. Hii hupanda hadi nafasi ya kwanza pale bloku yako inapokuwa imetoboka, au unapokuwa na 1KD au 2KD iliyoharibika sana, kwa sababu mfumo wa komonreli hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na pampu na injekta zake haziwezi kupimwa uani. Zinahitaji mashine maalumu. Nunua ikiwa na pampu, nozeli, waya na kompyuta yake pale inapohusika. Fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna utando kama maziwa, zungusha krankshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, na chungulia njia za maji kuona kutu. Hedi za Toyota 1KZ zinajulikana kwa kupasuka, hivyo kwa injini hiyo dai hedi ipimwe kwa presha kabla ya kulipa pesa ya mwisho. Namba mpya ya injini lazima ifikishwe TRA (mamlaka ya mapato) ili kadi irekebishwe, na kwa ajili hiyo utahitaji risiti halali inayoitaja namba hiyo.

Nusu injini, yaani bloku yenye krankshafti na pistoni bila hedi, naiweka ya tatu. Inafaa tu kama hedi yako imepimwa na ni nzima.

Injini iliyokwisha kufungwa na mtu usiyemjua naikataza kabisa. Rangi mpya na silikoni inayochungulia pembezoni havielezi chochote kuhusu kilicho ndani.

Katika vifaa, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ndiyo ya kwanza kununuliwa, kwa sababu bolti za hedi hukazwa kwa hatua na kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda pembeni, na mkono wa fundi, hata awe hodari namna gani, haupimi hilo. Cha pili ni chenibloku na fremu ya chuma. Injini hizi hufikia au huzidi kilo 200, na naomba sana asiwepo mtu wa kuining'iniza kwenye tawi la mkorosho au mwembe.

Mazingira yetu nayo yana sehemu katika ununuzi. Vumbi la barabara za uwanda wa Makonde wakati wa msimu wa korosho ndilo linalozila ringi, kwa hiyo filta mpya ya hewa na mpira wake usio na ufa viwe ndani ya bajeti ileile. Maji ya visima vya karibu na bahari huweza kuwa na chumvi inayokula hedi ya aluminiamu, kwa hiyo nunua kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta.

Spea nyingi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 hadi Mtwara mjini, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua kuikata barabara huko Kilwa, mizigo ilikwama. Agiza vyote kwa mkupuo mmoja baada ya mchongaji kutoa vipimo, na kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi mwombe muuzaji akutumie picha ya namba ya kila spea na kipimo chake, pamoja na risiti inayosema kuwa kisicholingana kitabadilishwa.