CA 19-9 au CT skani: kipi kifuatilie saratani ya kongosho?

CA 19-9 ni sukari iliyoshikamana na protini ambazo seli za saratani humwaga kwenye damu. Kwa gharama, kipimo hiki kinashinda: chupa moja ndogo ya damu, hakuna mionzi, na unaweza kukirudia kila mwezi.

Kwenye kuaminika ndipo pagumu. Kawaida ni chini ya uniti 37 kwa mililita, lakini mrija wa nyongo ukiziba na macho yakawa ya njano, namba hupanda hata kama saratani haijasambaa. Tena wapo watu ambao, kwa kurithi, miili yao haitengenezi kabisa sukari hiyo. Kwao namba ya chini haithibitishi lolote, na inaniuma kwamba wengi hawaelezwi.

CT skani, yaani picha za eksirei za ndani ya mwili, huonyesha mahali saratani ilipo: ini, mapafu, uvimbe uliokumbatia mshipa wa damu. Ni ghali, dawa ya kung'arisha picha inataka figo zenye afya, na madoa madogo sana huyakosa.

Kama namba yako ilikuwa juu kabla ya tiba, CA 19-9 itakufaa kati ya skani moja na nyingine. Mwenye manjano azibuliwe nyongo kwanza, ndipo apime. Anayesubiri uamuzi wa upasuaji haikwepi CT.