Shoo za Queen za kununua: uanze na ipi?

Mtu akiniuliza anunue diski ya shoo ipi ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, nami humuuliza anatazamia kwenye runinga gani. Kama ni kubwa, jibu langu halibadiliki: Queen Rock Montreal, tena ya Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD.

Siri iko kwenye kamera. Shoo mbili za Montreal, Novemba 24 na 25, 1981, zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ile ile ya majumba ya sinema, na filamu ya namna hiyo haichuji ukiikuza. Ndiyo maana mwaka 2024 iliweza kurudishwa kwenye IMAX, sinema za skrini kubwa mno, kisha ikatoka diski ya 4K, yenye picha kali zaidi. Mtazame mwimbaji wao, Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, akiwa kwenye piano anaimba "Somebody to Love": unaona jasho, unaona masharubu, unaona na vidole vinavyobonyeza. Inasimuliwa kwamba bendi haikuelewana na mwongozaji, Saul Swimmer. Mimi naona hasira ile imewanogesha. Wanapiga kama wanaodaiwa.

Blu-ray hiyo ina na shoo yao ya Live Aid, tamasha la hisani la Julai 13, 1985, pamoja na zile glasi maarufu za Pepsi juu ya piano. Kwa hiyo usihangaike na boksi zima la Live Aid lenye DVD nne, labda kama unawataka na wanamuziki wengine. Queen humo hawafiki hata nusu saa.

Nafasi ya pili, na hapa nitagombana na wengi, naipa shoo ya uwanja wa Wembley, London, ya 1986. Najua ndiyo kipenzi cha watu: koti la njano, uwanja uliofurika, Freddie akiuchezesha umati kwa sauti yake tu, na mwishoni anatoka na joho na taji la kifalme. Kwa raha ya kutazama pamoja na watu sebuleni, haina mpinzani. Tatizo ni kwamba ilirekodiwa kwa kanda ya video, na kwenye runinga kubwa ukungu unaonekana. Tafuta toleo la 2011: lina Jumamosi ya Julai 12 na Ijumaa iliyotangulia, siku ya mvua.

Budapest, Julai 27, 1986, ni ya tatu. Picha ni kali kuliko Wembley, kwa kuwa nayo ni filamu, lakini muziki unakatizwa ili tuone bendi ikitembea mjini, jambo linaloniudhi kila mara. Ninachoirudia ni pale Freddie anapoimba wimbo wa kienyeji wa Kihangari huku akichungulia maneno aliyoyaandika kiganjani. Siku 13 baadaye, huko Knebworth, Uingereza, alifanya tamasha lake la mwisho na Queen.

Shoo ya Milton Keynes, Uingereza, ya 1982 mwachie aliyekwisha kuwa nazo zote. Utamu wake ni "Staying Power", John Deacon akiacha besi na kushika gitaa. Ile ya ukumbi wa Rainbow, London, ya 1974 nayo ni ya anayependa Queen ya nywele ndefu, kabla ya "Bohemian Rhapsody".

Blu-ray hugawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: za Ulaya ni za kanda B, na Afrika ni kanda hiyo hiyo, kwa hiyo deki haitagoma. Za Marekani ni kanda A, uliza kwanza. Kwa DVD, geuza diski uitazame chini: ya kiwandani hung'aa kama fedha, ya kubani, yaani iliyonakiliwa kwa kompyuta, mara nyingi ina uzambarau. Mimi sikugeuza. Niliuziwa Wembley yenye kava safi kabisa, nikawasha, nikatulia, ikakata katikati ya wimbo, Freddie hajafika hata kwenye taji.